Punda Apolo Anakunywa Nini?

Mpendwa Mshauri, Mama Kageha,

Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, na ninakusihi usilitaje jina langu gazetini, kwa sababu mume wangu ni mzee wa kanisa na punda wetu ni bingwa, na nyumba yenye mambo hayo mawili haikosi macho ya majirani.

Mume wangu Walubengo huuza maji hapa Kisian, ana mkokoteni, mapipa na punda mmoja, na huyo punda tulipomnunua alikuwa mvivu kupindukia, akisimama katikati ya barabara ya Busia anawaza mambo yake huku malori yakipiga honi mbele na nyuma, ndipo mume wangu akamwita Apolo, mwaka ule Wazungu walipofika mwezini, yaani alikuwa akimdhihaki tu, hakuna aliyejua kwamba siku moja atakuja kupaa kweli. Maana sasa Apolo ndiye bingwa wa mbio za punda za Kisumu, hashindiki, na mwezi uliopita akiwa mazoezini alilipita basi la Bondo kwenye kilima, na mkokoteni nyuma yake, abiria wakampigia makofi kutoka madirishani, na dereva kwa aibu akasimama akafungua boneti kutazama injini.

Anayeshika nafasi ya pili siku zote ni Waziri, punda wa Bwana Ndung'u, mfanyabiashara wa viazi aliyehamia kwetu kutoka Kiambu, tunasali naye kanisa moja, na huyo Waziri ni mnene, anapigwa brashi kila asubuhi, analala ndani ya nyumba ya mabati nzuri kuliko za watu wengine ninaowajua. Siku Apolo alipovishwa blanketi la ubingwa, Bwana Ndung'u alisema mbele ya watu wote, "Mzee Walubengo, mimi sisemi kitu. Lakini hiyo punda yako iko na kitu ndani yake. Punda ya Mungu haikimbii hivyo." Mume wangu akamjibu, "Bwana Ndung'u, yako inakula viazi, yangu inakula nyasi. Enda uliza viazi." Watu wakacheka, lakini mimi sikucheka, Mama Kageha, nitakueleza kwa nini.

Kamati ya mbio ikamtuma Bwana Opiyo, afisa wa mifugo, aje apime mkojo wa Apolo, naye akaja na chupa tupu ya soda na kofia yake nzuri, akachuchumaa pale nyuma ya nyumba yetu, tukangoja, Apolo akatutazama, Bwana Opiyo akapiga mbinja kidogo ya kumbembeleza, Apolo akamtazama zaidi, hadi yule bwana aliposimama kunyoosha miguu ndipo Apolo akafungulia yote kwenye kiatu chake cha kulia. Bwana Ndung'u, aliyekuja kushuhudia, akasema, "Kamua hiyo soksi!" Bwana Opiyo akasema, "Aa-a, jathurwa, ndugu yangu, serikali haipimi soksi," akapanda baiskeli yake akaenda.

Basi mchungaji, kwa kukubaliana na kamati, ameamua kwamba Jumapili hii mume wangu asimame mbele ya kanisa, aweke mkono juu ya Biblia na kusema, "Sijawahi kumpa punda huyu dawa ya aina yoyote." Akikataa kuapa, Apolo hatakimbia tena na yeye atavuliwa uzee wa kanisa. Akiapa uongo, ni balaa, maana kwetu kiapo cha uongo si mchezo, hakimwachi mtu, huanza na mwenye kuapa kisha huwatafuta watoto wake mmoja mmoja, na mimi nina watoto, Mama Kageha, nina Nekoye wangu na wenzake, wamefanya nini?

Na mimi najua ataapa uongo, kwa sababu nimemwona. Nilijificha nyuma ya mapipa asubuhi moja nikamsikia akimnong'oneza Apolo, "Kunywa, ndugu yangu. Kunywa tuokoane. Mimi nimeshindwa." Nilichungulia nikaona Apolo amezamisha mdomo ndani ya karai, anafyonza kwa sauti, na mume wangu anamshika shingo anatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Alipoondoka nilikwenda nikanusa mdomo wa Apolo, na Mungu anisamehe, ulikuwa na harufu ya mizizi, chungu, harufu ambayo ningeapa ninaijua lakini sikuweza kukumbuka ni ya wapi, labda ni ya wale waganga wa Bondo, au ni kitu kinachoshushwa kutoka kwenye meli bandarini, mimi sijui, ila nyasi haikuwa.

Tena ujue huyu mwanamume si mzima. Mgongo wake umemtesa tangu mwaka juzi, hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, na mimi kama mke sikukaa bure, nilimwandikia mama yangu kule Port Victoria, naye huniletea dawa ya nguvu, mizizi na magome anayoyachimba mwenyewe na uzee wake wote, anayafunga pamoja na samaki wakavu na kuwapa wachuuzi waniletee, nami huyachemsha mpaka maji yawe meusi, namwekea mume wangu kikombe kikubwa. Na hapo sina lawama naye hata kidogo, kwa sababu wewe unajua desturi, kitu cha mama mkwe hakikataliwi wala hakimwagwi chini, ni sawa na kumtukana mama wa watu hadharani, na Walubengo ni mtu wa adabu, hupokea kikombe kwa mikono miwili, anasema asante, anakwenda nacho nyuma ya nyumba kunywa akiwa peke yake, anasema dawa inataka utulivu, na hurudi na kikombe kikavu kabisa. Lakini mgongo haujapona. Nilipoona tangu maneno ya Bwana Ndung'u yaanze amekonda na hali ugali vizuri, nikazidisha, sasa nampa asubuhi na jioni, ilikuwa mwezi huo huo wa basi la Bondo.

Sasa nifanye nini? Nisimame kanisani nimshitaki mume wangu mwenyewe? Ninyamaze watoto wangu wapatikane na kiapo? Au nimuuze Apolo kwa siri, aende mbali na maneno haya? Ninalia kila nikimwona anafunga tai ya Jumapili. Nijibu, mama.

Mimi mwenye dhiki,
Kisian

Majibu ya Mama Kageha

Mama wa Kisian, jina lako nimelificha kama ulivyoniomba. Ila la mume umeliandika mwenyewe, na la mtoto, na la punda, na la kijiji. Sasa hapo umeniachia nini nifiche? Gazeti hili linatoka Ijumaa, na Bwana Ndung'u hulisoma. Bwana Ndung'u, hujambo. Endelea kusoma, yako yanakuja.

Kwanza pole, mama. Sikucheki. Nilicheka wakati nasoma, chai ikanitoka puani, lakini sasa nimemaliza. Hofu ya watoto ni hofu ya kweli, na mke anayelia akiona tai ya mumewe si mke mbaya.

Lakini macho yako umeyapeleka wapi? Umewatafuta waganga wa Bondo, umetafuta mpaka ndani ya meli, na wahenga walikwambia zamani kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Harufu unayoijua lakini huikumbuki ni ya jikoni kwako! Wewe unachemsha dawa ya nguvu. Mumeo anaipokea kwa mikono miwili, anaipeleka nyuma ya nyumba, anarudi na kikombe kikavu. Mgongo haujapona. Na nyuma ya nyumba anakaa nani, mama? Ulizidisha dawa, mumeo akazidi kukonda, na mwezi huo huo nani akalipita basi?

Dawa ya mama yako inafanya kazi vizuri sana. Ila imekosea mgonjwa.

Usimrukie Walubengo. Mimi pia nimeolewa, najua uzito wa kitu cha mkwe. Angesema ni chungu, angekuwa amemtukana mama yako. Angemwaga chini, angekuwa amemtukana mara mbili, na ardhi ikashuhudia. Akaona bora akipitishe kooni kwa kiumbe hai, awe ni nani. Huyo si mlaghai, mama. Ni mkwe aliyelelewa vizuri na kukosa ujasiri. Hata hakufikiri habari ya mbio, alifikiri habari ya ulimi wake. Na anakupenda, hilo nalisema wazi, kwa sababu mwanamume asiyekupenda angekurudishia mizizi yako usoni mwezi wa kwanza.

Lakini nakugombeza pia, naye nitamgombeza. Yeye, kwa sababu neno "nimeshindwa" aliweza kumwambia punda, akashindwa kumwambia mkewe. Mficha uchi hazai, na mficha mgongo haponi. Wewe, kwa sababu badala ya kumuuliza mumeo "unakunywa?" ulikwenda kujificha nyuma ya mapipa na kunusa mdomo wa punda. Mtu mzima! Mngeulizana neno moja mezani, Bwana Opiyo angekuwa na soksi zake mpaka leo.

Sasa nisikilize. Apolo hauzwi. Na mumeo haapi Jumapili, kwa maneno yale aliyopangiwa. Akiapa kwamba hajampa punda dawa, atakuwa amesema uongo, hata kama hakukusudia kudanganya kwenye mbio, na wewe utakosa usingizi mpaka wajukuu. Leo, watoto wakiwa nje, mpikie chai ya kawaida yenye maziwa, mwekee mbele, kisha mwambie, "Baba Nekoye, dawa ya mama ni chungu?" Halafu nyamaza. Wewe ni mtu wa maneno mengi, nimeona kwenye barua, hapo ndipo kazi ilipo. Nyamaza mpaka ajibu. Atatazama mlango, atatazama dari, atakohoa. Mwache akohoe. Akishasema "ndiyo" kwa mdomo wake mwenyewe, Jumapili itakuwa rahisi.

Jumapili msimame wote wawili. Wewe ndiye useme, kwa sababu mama ni wako na sufuria ni lako: "Dawa nilipika mimi, nikampa mume wangu, punda akainywa kwa ajili ya adabu." Watu watacheka. Wacheke! Kicheko cha kanisani hakijaua mtoto wa mtu, na aliyesema kweli hadharani hana kiapo kinachomfuata. Blanketi la ubingwa irudishieni kamati kabla hamjaombwa. Waziri alivae. Atapendeza, ni mnene.

Bwana Ndung'u, sasa zamu yako. Ulisema kweli, yule punda alikuwa na kitu ndani yake, pokea blanketi. Lakini usianze kutafuta njia ya Port Victoria. Nimeshamwona Waziri kwa macho ya akili anakimbia na viazi tumboni, na sitaki kumzika mtu wa kanisa chini ya mkokoteni wake. Ngojeni nyote mpaka dawa imtoke Apolo, kisha wakimbie tena, nyasi kwa viazi. Akishinda, umpe Walubengo mkono na gunia moja. Akisimama katikati ya barabara ya Busia kuwaza mambo yake, basi na ajiwazie, ndivyo mlivyomkuta.

Mgongo, mama, mpeleke hospitali. Mtu anayeinua mapipa ya maji kutwa hahitaji mizizi, anahitaji daktari, na mtu wa kumsaidia kuinua. Na mama yako usimvunje moyo na uzee wake. Mtumie salamu kwamba dawa imeleta nguvu nyumbani mwenu kuliko mlivyotegemea, na kwamba sasa inatosha. Hapo hutakuwa umesema uongo hata chembe.

Na kabla hujamuuliza mumeo neno lolote, kuna jambo moja. Katika barua ndefu vile, hakuna mahali uliposema kwamba umewahi kuionja hiyo dawa. Basi chemsha mpaka maji yawe meusi, jaza kikombe kile kile kikubwa, unywe wote bila kupumzika. Macho yakiacha kutoa machozi, utakuwa umemwelewa mumeo bila kuhubiriwa. Kisha nenda nyuma ya nyumba ukamwombe Apolo radhi.