Siku Mzee Frank Alipotoka Kumwona Bata Mzinga

Jumanne, Oktoba. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri.

Nimerudi kwangu Granville viatu vikiwa chapachapa na moyo mwepesi. Acha niandike kabla usingizi haujanichukua.

Mzee Frank ndiye ninayemhudumia asubuhi. Ana miaka themanini na mbili. Alizaliwa Marekani, akaja Sydney kwa kumfuata mke, na sasa mke hayupo. Tangu atoke hospitali mwezi uliopita, hajavuka mlango wa nyuma. Mtu wa mazoezi ya viungo alinionya: asipotembea, miguu itamwishia kitini. Nimembembeleza kwa chai, kwa jua, kwa maua yaliyochanua. Wapi! Anageukia ukuta.

Bustanini kwake kuna ndege dume mweusi, mkubwa, kichwa chekundu kisicho na manyoya. Wenyeji humwita bata mzinga wa msituni. Wiki nzima amekuwa akiparura majani ya jirani na kuyarundika kwetu. Lundo limenifika kiunoni. Jike hutaga humo, na joto la majani yanayooza ndilo linaloatamia mayai.

Nikiri: mara ya kwanza kumwona niliwaza sufuria. Nimekulia kambi ya wakimbizi, Kigoma. Nyama ikipita mbele yako huiulizi jina. Baadaye nikaambiwa sheria inamlinda.

Leo nilikuwa navuta pazia tu, nikasema, "Ndege huyu mjinga kweli. Mvua yote hii, kasimama peupe!"

"Si mjinga."

Nikageuka. Mzee alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto.

Akaanza kusema, na hakunyamaza. Ujanani, msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, alikuwa akiwafuata bata mzinga wa porini kwao. Mvua ikinyesha, wanatoka msituni na kwenda penye uwazi, maana matone yakigonga majani hawamsikii adui. Huko peupe angalau macho yanawafaa. Upepo ukivuma, wanateremka mabondeni na kunyamaza, na mwindaji ataketi mpaka mchana bila kusikia hata mlio mmoja. Lakini asubuhi ikiwa tulivu, na kibaridi kidogo, madume huita kutoka juu ya miti hata kabla jua halijatoka.

"Huyu si wa ukoo ule," akasema. "Ila nataka kuona mvua imelifanya nini lundo lake."

Nataka.

Mwezi mzima sikuwa nimesikia neno hilo kinywani mwake.

Nikamvisha koti, nikamshika kiunoni. Nje kuna ngazi tatu. Kwenye ya pili aliyumba, nikamkaza zaidi.

"Usiniachie," akasema.

"Sikuachii, Mzee."

Tukafika kwenye majani. Ndege alitutazama, akatudharau, akarudi kazini. Alifukua juu ya lundo, akachomeka kichwa chote hadi shingoni, akakitoa, kisha akaanza kurudisha majani kwa miguu, akiturushia mengine magotini.

"Anapima joto," Mzee akaninong'oneza, kana kwamba tuko mawindoni. "Mvua imempozea mayai. Leo ana kazi, maskini."

Tumesimama pale labda dakika kumi, tunalowa. Kisha akacheka, kicheko cha mtu mwenye afya. Tuliporudi ndani alikula mayai mawili na kuomba mkate zaidi. Akaniuliza kama kwetu kuna aliyewinda. Nikamsimulia jinsi baba alivyokuwa akitega kanga, na mimi nikajikuta nimesahau kuangalia saa.

Nina furaha. Lakini kuna jambo linanisumbua.

Miezi mitano nimemwogesha mzee huyu, nimemvisha, nimemlisha. Kwa nini swali langu la kila siku lilikuwa moja tu: umemeza dawa?

Kesho nitamuuliza habari za mke wake.