Komamanga Lenye Chumvi

Mama na Hannah,

Kwa heshima na taadhima nawatangazia kwamba komamanga la Nyanya sasa liko chini ya ulinzi wangu. Maana yake, halipo tena.

Naenda Dabaso kwa shangazi Nyevu kutafuta jingine. Mfunike maharagwe ya jana. Yamepungua, na sababu ni hii.

Nilitaka kumkomesha Hannah, anayemdokolea Nyanya punje kila asubuhi. Nikalikomba komamanga, nikalijaza maharagwe, nikalifunika vizuri. Leo Nyanya akaamka kwanza, hana hata miwani. Akatafuna polepole.

"Kombe, komamanga la leo lina chumvi. Basi ulimi wangu umekufa. Mwambie mamako asininunulie tena."

Akajilaza, akageukia ukuta. Mama, tangu atoke hospitali hilo ndilo tunda pekee analolifurahia, na uso wake ulikuwa umeanza kurudiwa na rangi. Sikujua nicheke au nilie. Nilitaka kusema kweli, nikajikuta namuuliza kama anataka chai.

Punje zenyewe ~~nimewapa kuku~~ ~~zilimwagika~~

Nyanya yuko nyuma yangu, sasa amevaa miwani. Hajui kusoma, lakini ameshika shati langu jeupe la shule nililolivua jana, anatazama doa jekundu la kifuani.

"Kumbe ulimi wangu mzima," amesema. "Andika na punje zilikokwenda."

Sijui amejua tangu lini.

Nimezila mimi, Mama. Zote. Zilikuwa tamu sana.

Mwanao, kama bado,
Kombe