Taa ya Breki na Mayai Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mbwa wa jirani amemuua kuku wa mke wangu! Kuku alikuwa kwenye siku ya kumi na moja ya kuatamia. Mayai tisa yamebaki, bado yana joto. Mke wangu kasuuza kikopo cha maji cha kuku, akakirudisha pale pale. Roho iliniuma, nikaropoka: nitayaangua mimi. Akauliza nitayaatamia kwa makalio yapi. Nimefurahi kwamba ametania. Ila ahadi imeshatoka mdomoni.

Jumanne, 4 Machi

Mayai yako tumboni kwa mke wangu, ndani ya shuka. Anatembea kama mjamzito.

Nimetengeneza sanduku, nikalizungushia vipande vya blanketi — fundi cherehani hakosi vipande. Joto litatoka kwa balbu kuukuu ya breki ya gari, na betri ya sola, volti 12. Binti yetu, mwalimu wa fizikia, anasema wati ishirini hivi zinatosha. Maandishi ya balbu yamefutika, nikapima ukinzani, yaani waya unavyozuia umeme, kwa mita ya kupimia umeme: omu 0.6. Volti 12 gawanya kwa 0.6, mkondo ni ampea 20. Ampea 20 mara volti 12 — wati 240!

Huko si kuatamia, ni kukaanga. Nimerudia hesabu mara tatu. Mke wangu anasubiri tu, haulizi. Bora angeuliza.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia binti. Kacheka mpaka simu ikakwaruza. Baba, uliipima imezimwa? Ndiyo. Basi umempima mteja suruali akiwa amekunja miguu! Waya wa balbu ukipata moto, ukinzani unapanda. Iwashe kwanza, pima volti na mkondo, ndipo upige hesabu.

Aibu! Miaka thelathini napima watu.

Nimeiwasha. Volti 12, ampea 1.75. Nikagawanya: omu 6.9 hivi. Nikazidisha: wati 21. Ishirini na moja! Nimejipigia makofi peke yangu. Mayai yameingia sandukuni saa nne asubuhi. Kipimajoto: 37 na nusu. Nimekula mara mbili leo.

Jumapili, 9 Machi

Nageuza mayai asubuhi, mchana, jioni. Mke wangu analiita sanduku mke mwenza.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya ishirini na moja. Yai moja lina ufa!

Lakini leo ni siku ya tatu ya mawingu, sola haichaji. Volti 10.8, ampea 1.65 — wati 18 hazifiki. Nimezima redio na taa zote. Kipimajoto 35, kinashuka. Nikabaki nimeshika mita kama bwege.

Mke wangu kaniambia nimpishe. Katoa mayai yote, kayafunga tumboni kwa shuka, kakaa kwenye kiti changu cha cherehani. Akauliza yeye ni wati ngapi. Nikampigia binti: mtu aliyetulia ni kama mia moja. Mia! Mke wangu kaangalia sanduku, akauliza sasa huyo mwenye ishirini na moja alikuwa anaringia nini.

Saa tisa mchana. Nampenda mwanamke huyu, acha niandike, hakuna asomaye. Amefumba macho, mikono tumboni. Kanishika mkono wa kalamu ghafla — anasema niache kuandika, niweke sikio hapa, kuna kifaranga mmoja anagon—