Mpe Mtoto Jina la Baba

Francistown, Botswana

Kwako ndugu yangu Njoroge,

Pokea salamu za dada yako wa mbali. Mimi ni mzima, ila vumbi la huku na chaki za shule zinagawana kifua changu. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na Wambui, amepata nguvu tangu ajifungue? Mpikie uji wewe mwenyewe, usiwaachie mabinti wako watatu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliposoma kwamba hatimaye umepata kijana, nilipiga vigelegele hadi jirani akaja mbio. Kisha nikageuza ukurasa. Eti Jumapili ya ubatizo atapewa jina la baba yake Wambui. Kijana wa kwanza, Njoroge! Kwetu jina la kijana wa kwanza lina mwenyewe, babu yake mzaa baba, na unamjua. Hata mwaka haujaisha tangu Baba azikwe pale Ngoingwa.

Barua hii nampa mwalimu mwenzangu anayekuja likizo. Ameniahidi atafika Ruiru Ijumaa. Kwa hivyo una siku moja ya kunikasirikia na moja ya kufikiri.

Najua kinachokuuma. Ulikuwa na miaka kumi na tano, Baba akiwa nyapara wa wachumaji kahawa. Alikukuta na nusu gunia la kahawa ya wenyewe, akakubebesha begani na kukupitisha mbele ya wachumaji wote mpaka kwa meneja. Wanawake walicheka. Tangu siku hiyo hukumwita Baba tena. Ulimwita "mzee", kama mtu wa barabarani. Hata kwenye mazishi, Mama aliniambia, ulisimama nyuma na mikono mfukoni.

Sasa nisikilize. Wewe ulirudishwa nyumbani, lakini mimi nilikuwa mlangoni kwa meneja na chakula cha Baba mkononi. Meneja alitaka kuita polisi. Baba alirudi kutoka vita vya Burma bila vidole viwili, na sikuwahi kumwona akimwomba mtu kitu. Siku hiyo nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto asiende seli. Chukua filimbi yangu." Akaiweka mezani, ile filimbi yake ya unyapara.

Wiki hiyo ukapelekwa kukaa kwa nyanya kule Theta, kwa hivyo hukuona. Sisi alituambia amechoka kusimamia watu, amepewa kazi ya stoo. Uongo mtupu. Misimu miwili alichuma kahawa pamoja na wale wanawake waliokucheka, kikapu kiunoni, na ule mkono wa vidole vitatu. Nilimkuta siku moja nikitafuta kuni. Wenzake walikuwa wameshapima, debe lake bado nusu. Nililia.

"Nyamaza," akaniambia. "Na Njoroge asijue."

"Lakini anakuchukia, Baba."

"Wacha anichukie. Akijua ataanza kunionea huruma, asahau wizi. Niapie."

Nikaapa. Baadaye tukahamia Thika, akaingia kiwanda cha nguo, akabeba majora ya vitambaa hadi mgongo ukapinda, na wewe ukamaliza shule. Ni kweli hukuiba tena. Lakini miaka yote hiyo nilikuona ukimpita mlangoni bila kumwangalia, nikatamani kupiga kelele. Hata yeye nilimkasirikia. Alikosea, angekwambia. Leo navunja kiapo na sijuti.

Mimi sina mtoto, na sidhani nitapata sasa. Jina la Baba, Kamau, liko mikononi mwako peke yako. Najua pia kwa nini unalikimbia. Kwetu, kijana akipewa jina la babu yake, mzazi wake humwita "Baba". Utamwita hivyo akilia, akianguka, ukimwita aje kula. Hilo ndilo unaloliogopa.

Msalimie Mama, lakini usimsomee haya, nitamweleza mwenyewe. Wasalimie Wambui na mabinti, na shangazi wa Juja ambaye najua ameshakusema kwa kila mtu.

Jumapili, kabla hamjatoka kwenda kanisani, mbebe kijana mkiwa wawili tu. Mwite "Baba", mara moja. Ukishindwa, basi mpe jina lolote unalotaka.

Ni mimi dada yako,
Wanjiru