Besiboli Katika Kibanda cha Kamwokya

Kamwokya, Kampala
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Nekesa,

Mulembe muno. Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji, kisha wanao wote mpaka yule mdogo ambaye bado hatujaonana naye uso kwa uso. Goti la mama yetu, Mayi, linaendeleaje? Dereva mmoja wa lori aliyepitia Bungoma aliniambia mvua imewanyeshea vizuri na mahindi yamefika kifuani. Nilifurahi kana kwamba ni mimi niliyepalilia.

Mimi ni mzima. Bado nauza mabeseni na ndoo pale Nateete kwa yule tajiri Mkenya mwenzetu, na bado Waganda wanacheka nikitamka Kiganda chao kwa ulimi wa Kibukusu. Najua utasema, "Simiyu, si ungepiga simu tu?" Dada, jambo hili halienei kwenye simu. Tafuta mahali ukae.

Unaikumbuka ile filamu ya besiboli ya kwa Mjomba Wafula? Alirudi kutoka Nairobi na deki ya video na kanda mbili, moja ya harusi ya watu tusiowajua, na nyingine ile ya Wamarekani wenye kofia, sehemu ya pili ya filamu ambayo sehemu yake ya kwanza hatujaiona mpaka leo. Tuliirudia likizo nzima kwa sababu hakukuwa na nyingine. Bibi yetu, Kukhu, alikuwa akiuliza, "Huyu anakimbia nini, na hakuna anayemfukuza?" Nawe ukamjibu bila kupepesa macho, "Ameiba ng'ombe, Kukhu." Naye akaridhika kabisa.

Basi, dada, nimeiona tena.

Nianze na jirani yangu. Katika chumba kinachopakana na changu anakaa Afande Odong, polisi, mtu wa Kitgum kule kaskazini. Ni mrefu, mpole, na maneno yake ni machache mno. Mke wake Hadija, ambaye kwa heshima tunamwita Mama Hadija, ni Mwislamu aliyezaliwa Kibuli. Mume huenda misa Jumapili, mke huenda msikitini Ijumaa, na sijawahi kusikia wakigombana kwa ajili ya Mungu. Binti yao Akello yuko sekondari, na mwaka huu walimu walianza kuwafundisha besiboli. Ndiyo, besiboli, hapa hapa Uganda! Yule mtoto ana mkono wa ajabu. Nimemwona akirusha embe bovu kutoka uani kwetu mpaka ng'ambo ya mtaro, likatua palepale alipotaka.

Walimchagua kwenye timu. Alirudi nyumbani na gongo la kupigia begani, akicheka. Baba yake alikuwa mlangoni akipiga viatu rangi. Alipoliona lile gongo, brashi ilimponyoka.

"Toa hiyo kitu hapa," alisema.

"Daddy, ni ya mchezo."

"Nasema toa. Mimi nakataa. Hiyo mchezo imekwisha."

Akaingia ndani akafunga mlango. Akello alilia siku ile na zilizofuata. Hatimaye Mama Hadija alikuja kwangu, akasimama kizingitini kwa heshima zake.

"Mkenya, wewe ongea naye. Mimi nimejaribu, anakaa kimya tu. Pengine atamsikia mgeni."

Nimwambie nini, dada? Mchezo wenyewe siuelewi. Kukhu alikufa akiamini ni mambo ya wizi wa ng'ombe, na mimi sikuwa mbele yake sana.

Jumamosi iliyofuata nilipita kwenye kibanda cha video karibu na soko. Nje huwa wanaweka ubao wenye picha za filamu za siku. Nikaona kofia, nikaona gongo, nikaona uso wa yule mnene anayeanguka kwenye ndoo ya barafu. Nilisimama pale barabarani mpaka bodaboda akanipigia honi. Ni ile ile! Nikarudi mbio, nikamkuta Afande amekaa bila sare, siku yake ya mapumziko.

"Afande, twende ukauone huo mchezo wa Akello. Ukishauona, ukikataa, sitakusumbua tena."

Akainuka. Kisha akachukua kofia yake.

Kibanda ni mabati na mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia meusi, mchana wa ndani ni usiku mtupu. Mbele kuna televisheni, na kando yake anakaa mtafsiri mwenye kipaza sauti, wao humwita vijei. Huyu wetu anaitwa Katende. Wazungu wanaongea, naye anaongea juu yao kwa Kiganda, anatia utani, anawapa majina ya mitaa. Yule mnene akawa mchuuzi wa Nateete, kocha akawa mwenye nyumba anayedai kodi. Watu walikuwa wakipigana mabega kwa kicheko.

Na nikwambie ukweli: filamu yenyewe ni mbovu. Tulipokuwa watoto tulidhani hatuielewi kwa sababu ya Kiingereza. Hapana, dada, hakukuwa na cha kuelewa. Ile timu ilishashinda kwenye sehemu ya kwanza, sasa wamekuwa matajiri wavivu, na utani ule ule unarudiwa mpaka waigizaji wenyewe wanaonekana wamechoka. Nilianza kuona aibu kwa kumleta mtu mzima.

Lakini Katende, kila mchezaji aliposimama na gongo, alikuwa akieleza. Mwenzangu wa kushoto alinitafsiria kwa Kiswahili chake cha hapa: "Anasema huyu anatoka nyumbani. Rakini wale wote wanamzuia njia. Razima azunguke, apite kira kituo, halafu arudi pare pare arikotoka. Pale panaitwa nyumbani. Akirudi, ndiyo bao."

Nilihisi Afande ameacha kuegemea benchi.

"Inaitwa nini?" aliniuliza.

"Nyumbani, Afande."

Akarudisha macho kwenye picha. Alitazama kama mtu anayesoma barua ya kufiwa. Mwishoni, unakumbuka, yule mchezaji mzee ambaye goti limemwisha anakimbilia kituo cha mwisho, na mpira unarushwa kumwahi. Hapo hapo umeme ukakatika.

Giza. Kelele, miluzi, matusi kwa kampuni ya umeme. Kisha kutoka kando yangu ikatoka sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia ikipazwa.

"Wewe! Huyo mzee, amefika ama hapana?"

Kibanda kizima kikanyamaza. Dada, hata watoto walinyamaza. Katende hakuwa na picha wala kipaza sauti. Angeweza kusema rudini kesho. Lakini alianza kusimulia gizani, kwa Kiswahili safari hii, kwa sababu alimtambua aliyeuliza.

"Afande, anakimbia. Goti linamuuma, lakini anakimbia. Watu wake wamesimama wote. Wengine walisema yeye amekufa zamani. Mpira unakuja. Yeye anajitupa chini, vumbi inajaa macho, hakuna mtu anaona kitu. Vumbi inashuka pole pole. Mkono wake uko wapi? Mkono wake uko nyumbani."

Mimi mwisho wa kweli naujua. Anajikwaa, suruali inamteremka, watu wanacheka. Nilimwachia Katende mwisho wake. Watu waliokuwa mle gizani walipiga makofi kana kwamba ni ndugu yao aliyefika. Sijui mtu anatoa wapi kipaji cha kuchukua kitu hafifu kama kile na kukifanya kizito namna hiyo.

Tulipotoka jua lilituchoma macho. Tulitembea hadi karibu na nyumbani, ndipo Afande akasema, bila kunitazama:

"Kule kwetu, wakati ya vita, waasi waliiba watoto, wakawapa gongo ya kuua wenzao. Walipangwa mstari, kama timu. Ndugu yangu mdogo alikuwa kati yao. Hakurudi." Akavuta pumzi. "Mimi sikujua kuna gongo ya kurudi nyumbani."

 Nilimshika mkono tu, tukaenda hivyo hadi mlangoni, naye akamwita Akello ndani. Waliyoongea ni yao.

Jana timu ilicheza kwenye uwanja wa shule kule Kibuli. "Twende sote," alisema Mama Hadija, akiwa amefunga chapati kwenye kitambaa. Afande alisimama pembeni ya mstari na sare yake, mikono nyuma, kama yuko zamu. Akello alipiga mpira ukaruka juu ya vichwa vya watu, akazunguka kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na baba yake akaanza kupiga kelele kwa Kiacholi cha kwao, kofia mkononi, akikimbia sambamba naye nje ya mstari huku refa akimfukuza arudi nyuma.

Akello hakufika. Mpira ulimtangulia kidogo tu. Alilala pale chini kwenye vumbi jekundu, akilia kwa hasira, na baba yake akaenda akamwinua.

"Utajaribu tena," alimwambia. "Mtu anajaribu tena."

Timu yao ilishindwa. Tuliteremka kilima cha Kibuli kwa miguu, na Afande akamwambia mkewe kwamba Akello hajawahi kuona Kitgum, kwamba nyasi zimemeza boma la mama yake Afande lakini mwenyewe bado anajua lilipokuwa, na kwamba ataomba likizo awapeleke. Mama Hadija alisimama akamtazama. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia akitaja kuwapeleka kwao. Nilikuwa nyuma yao. Na lile gongo, dada, lilikuwa begani kwa Afande. Alikuwa amelichukua mwenyewe kwa binti yake, bila kuombwa.

Nisalimie Mayi, umwambie asilime na goti lile. Nisalimie Mjomba Wafula mwenye deki yake, shemeji, mwalimu wetu wa kwaya, na mama jirani aliyenifungia ndizi nikiondoka. Watoto wabusu kwa niaba yangu.

Mungu awalinde mlipo, nami hapa.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Simiyu