Leso Nyeupe Imetoka Nyeusi

Shangazi wa redio, nishike mkono kabla ya Jumatatu, maana maji yamenifika shingoni na nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi na mume wangu tuna sehemu yetu ya kazi, mbele ni duka langu la vipuri vya malori na nyuma ni gereji yake, katikati pana mlango mmoja tu, na kitu ninachokipigia debe kuliko vyote dukani ni kichujio cha moshi, lile pipa la chuma linalofungwa kwenye bomba la lori la dizeli ili masizi yanaswe humo yasitoke nje, na mteja akinibishia huwa nachukua leso nyeupe, naizungusha kidoleni, nakiingiza kwenye bomba la lori lenye kichujio kizima, nakitoa, leso safi kama imetoka kwenye pasi, mteja anabaki mdomo wazi. Halafu anapita ule mlango anamwambia mume wangu, fundi, hebu ning'olee hiki kidude, kinaziba na kuninyima nguvu mlimani, na mume wangu anakitoa. Ndiyo biashara yetu, mimi nauza mbele, yeye anang'oa nyuma, na muda wote nimenyamaza kwa kuwa malori yalikuwa ya watu baki.

Sasa kaka yangu, aliyenilea tulipobaki yatima, amenunua lori lake la kwanza, la mtumba, na amepata kazi ya kubeba bidhaa za ghala moja ambako malori hupakiwa humo humo ndani, na wenye ghala wamesema wazi lori linalotoa masizi haliingii, Jumatatu wanapima moshi na likishindwa kazi anapewa mwingine. Taa ya kichujio ilikuwa inawaka, basi kaka akamwachia shemeji yake lori asubuhi, jioni akalikuta taa imezimika, nguvu imerudi, mume wangu anajifuta mikono na kusema, shemeji, nimekisafisha, ni kama kipya. Tukafurahi, wifi aliyekuja na kaka akapiga vigelegele, na mimi kwa utani wangu nikachomoa leso nikasema ngoja niwaonyeshe, nikaingiza kidole mbele ya wote. Ikatoka nyeusi tititi.

Kaka akacheka, mume wangu akasema hayo ni masizi ya zamani, yataisha. Kesho yake nikaenda nyuma, na kwenye kapu la vyuma chakavu nikaona utumbo wa kichujio, ule wenye vitundu kama sega la nyuki, umevunjwavunjwa. Amekipasua, akautoa, akachomelea ganda likarudi lilivyokuwa, na kompyuta ya lori ameidanganya ili taa isiwake. Nilipomuuliza akasema kilikuwa kimeziba hakisafishiki, na hakutaka kushindwa mbele ya shemeji yake. "Mke wangu, funika kombe mwanaharamu apite," akaniambia. "Ukimwambia kaka yako, umenivua nguo mbele ya ukoo wenu." Tangu hapo tunakula meza moja bila kutazamana. Kaka naye amepiga simu, anataka Jumatatu niende naye na leso yangu niwaonyeshe wapimaji, kwa kuwa mtaalamu ni mimi. Nikisema navunja nyumba yangu, nikinyamaza namzamisha aliyenilea. Naogopa, Shangazi. Mume wangu hakosi kipindi chako cha Jumamosi, redio iko juu ya kabati la spana, na huwacheka wanaokuandikia. Redio ya lori la kaka ni mbovu.

Mimi, Mwenye Leso.

*

Mwenye Leso, pole sana, na uipokee vizuri pole hiyo, kwa sababu baada yake ni kukugombeza.

Hao unaowaita watu baki nao wana dada zao, na moshi wa malori yao kuna mtu anauvuta. Ulikuwa unaona na unanyamaza. Leo masizi yameingia kwenu ndiyo unamkumbuka Shangazi.

Na usinizunguke, bibie. Umenieleza redio ya gereji ilipo, hata kabati umelitaja, na ya kaka umehakikisha ni mbovu. Barua hii hukuniandikia mimi. Ulitaka nimwambie mumeo yale yanayokushinda wewe kumwambia mezani. Haya, nimeisoma yote na ameisikia. Kazi yangu imeishia hapo, iliyobaki ni yako.

Unaogopa kuvunja nyumba. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio chenu kimeshapangiwa siku. Jumatatu kaka yako atajua, utake usitake. Swali ni kama atakukuta umesimama pale na leso mkononi, ukijua.

Kwa hiyo, shusha kichujio kipya kwenye rafu yako, kinacholingana na lori lile, kiweke juu ya kaunta. Kama huna, kitafute leo. Mpigie kaka alete lori sasa hivi. Mumeo aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, aombe radhi, kisha akifunge, alisafishe bomba, na ile kompyuta airudishie akili yake. Kaka akizima injini na mumeo bado hajafungua mdomo, fungua wako. Mkikosa kichujio, kaka akawaombe wenye ghala wamsogezee siku, lakini aende akijua kilichomo ndani ya lori lake. Na mteja mwingine akija kutaka kung'olewa kichujio, arudishwe kwa mlango alioingilia.

Na wewe fundi, usijifanye unatafuta spana. Ulitaka shemeji yako akuone hodari, nakuelewa. Lakini aibu ya leo ni ya watu watatu tu, ya Jumatatu ni ya ghala zima. Mkeo yuko upande wa pili wa ukuta, ananisikiliza mimi huku anakutegea sikio wewe. Zima redio, baba. Mlango ni ule ule mmoja.