Mume Wangu Anashuhudia Kwamba Alinipiga, na Hajanipiga

Mpendwa Dada Eduvina,

Bwana asifiwe. Nakusikiliza redioni kila mchana nikiwa napiga pasi, na sikudhani hata siku moja kwamba nami nitakuandikia kuomba msaada, maana wanaokuandikia wana shida za kweli, waume walevi, waume wanaopiga, na mimi shida yangu ni kwamba mume wangu halewi wala hapigi. Tafadhali usicheke, sikukuu ya kanisa letu imekaribia na mimi silali.

Mume wangu anaitwa Abdón, anauza misumari na bawaba katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Coronel, amezaliwa kanisani na baba yake alizaliwa kanisani, divai hajaionja hata ile ya kupikia, na tangu anioe hajaniinulia mkono isipokuwa siku aliyonitoa nyigu begani, na hata hapo aliomba samahani kwanza. Ni mpole mpaka anakera. Akimdai chenji mwenye duka la mikate haombi, anarudi nyumbani ananituma mimi.

Sasa wewe unajua jinsi tunavyofanya sisi, Jumapili kabla ya ibada tunatoka mitaani na magitaa na mandolini, tunasimama kwenye kona, tunafanya duara, na ndugu mmoja mmoja anaingia katikati kusimulia Bwana alimtoa shimo gani. Na kila mtu ana shimo lake, huyu alitolewa kwenye visu, yule kwenye kamari, yule alikuwa na wanawake mpaka mji wa Talcahuano. Abdón alikuwa akiingia anasema, "Mimi nilizaliwa katika Injili, namshukuru Mungu," basi, anatoka, na wale vijana wa kona wanaotuita makanuto, jina la kuwadhihaki walokole, wanapiga kelele, "Mwingine! Leteni mwingine, huyu hana kitu!" Akifika nyumbani chakula hakipiti.

Halafu Mchungaji akahubiri habari za Petro kutoka mashuani, akasema kukua kiroho ni kupiga hatua, na kwamba humu ndani kuna ndugu wamekaa mashuani muda mrefu mpaka mashua inawadai kodi, na wakati anasema hivyo alikuwa anamtazama Abdón. Kanisa zima liligeuka, nami nikageuka ili isionekane kwamba ni sisi.

Jumapili iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha, tuko kwenye ile kona iliyo mbele ya duka la divai, mimi nimeshika mwavuli, Abdón akaingia katikati ya duara akafungua kinywa akasema, "Mimi nilikuwa mlevi! Niliuza jiko la mke wangu nikanywea divai! Nilimpiga!" Nikafikiri anasimulia habari za mtu mwingine, nikawa nasubiri amtaje, mpaka aliponinyooshea kidole akasema, "Yule pale, muulizeni!" Ndugu wote wakapaza sauti mara tatu, "Utukufu kwa Mungu!" na mimi, Dada Eduvina, kwa mazoea tu, nikapaza pamoja nao.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Abdón, ulinipiga lini?"

"Si kwamba nilikupiga, mama watoto. Ni ushuhuda."

"Ushuhuda wa nani?"

"Lakini uliona vijana walivyonyamaza? Hakuna aliyesema mwingine. Nimesema kwa utukufu wa Bwana."

"Bwana alikuwa anatuona miaka yote hii, Abdón. Anajua hukunipiga."

Akasema basi hatarudia. Akarudia. Na kila Jumapili ushuhuda unaongezeka, ulianza na kofi, ukaja mkanda, ikafuata kulala mtaroni, na Jumapili iliyopita alikuwa amefungwa jela, naogopa ijayo ataua mtu. Nami niseme ukweli wote, sijawahi kumwona mume wangu hivi, anaamka alfajiri kuomba, anafunga, anasoma Neno, anasalimia watu kwa sauti, juzi amedai chenji yake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza anatembea kama mtu mwenye nyumba yake. Nikimtazama pale katikati ya duara namwonea fahari, halafu nasikia anachosema, naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Majirani sasa wananihurumia. Wananiletea sopaipilla za moto, vile vitumbua vya maboga, mwenye bucha ananiongezea nyama, Dada Melania, kiongozi wetu wa akina mama, kila akinikumbatia ananikunjia mkono wa gauni kidogo kutafuta alama. Nilimwambia, "Dada, hajanipiga huyu." Akanishika mkono akasema, "Usimfiche, mpendwa, mwenyewe ameshakiri." Nikaenda kwa mama yangu nikamwambia hajanipiga, mama akasema, "Wote mnasema hivyo," kisha akasema yeye alijua tangu siku ya posa, maana mwanamume mpole namna ile lazima kuna kitu. Amemwambia kaka yangu anayeendesha lori la magogo, naye amesema atapita kuzungumza na shemeji yake. Kaka yangu si mtu wa kuzungumza.

Sasa kwenye sikukuu Mchungaji anataka Abdón atoe ushuhuda mbele ya makanisa yote ya jirani, na baada yake nisimame mimi niseme nilivyomsamehe. Dada Melania ameshanitafutia gauni. Nifanye nini, nikae kimya nimwache mume wangu akue katika imani, au niseme kweli nimwangushe mbele ya watu wote arudi kuwa yule asiyeweza kudai chenji?

Nilitaka kuishia hapa, lakini kuna pia jambo la jirani yetu Nolberto. Yeye ndiye mlevi wa kweli wa mtaa huu, naye ndiye aliyempiga kweli mkewe Rosalba, tulikuwa tunasikia ukutani, mpaka usiku mmoja Rosalba akapanda basi na nguo alizovaa tu, akakimbilia kwa dada yake mjini Calama. Siku ile ya mvua Nolberto alikuwa anatoka duka la divai, akamsikia Abdón, akapiga magoti kwenye maji pale barabarani, na tangu siku hiyo hajanywa. Jioni anakuja kwetu anamuuliza Abdón, "Ndugu, mikono ilikutetemeka mpaka lini? Ndoto zile ziliisha?" Abdón anamwambia anywe chai. Juzi Nolberto akanigeukia mimi, akanipa namba ya Rosalba, akasema, "Mpigie, dada. Mimi hawezi kuniamini, lakini wewe ulipitia alichopitia. Mwambie mtu hubadilika, mwambie arudi tu." Namba iko mfukoni mwa aproni. Nikikaa kimya Nolberto ataona namnyima, na nikisema ukweli atarudi kwenye chupa.

Nisaidie, nakuomba.

Wako katika Bwana,
Mke Asiyepigwa


Dada yangu wa Coronel,

Umesema nisicheke. Nimecheka. Nimecheka mpaka kwa mama yako, nikacheka na kwa kaka yako wa lori, halafu nikafika kwa Rosalba nikavua miwani. Wewe mwanamke, jambo kubwa kuliko yote umeliweka mwisho wa barua kana kwamba unaniulizia bei ya vitunguu. Kwa hiyo mimi nitaanza na hilo.

Namba hiyo usiipige. Usipige kumfariji, usipige kumsalimia, usipige hata kumwambia mvua imenyesha. Kule Calama kuna mwanamke aliyeokoa maisha yake kwa kupanda basi usiku na nguo alizovaa, na wewe na Nolberto mnataka kumrudisha kwa maneno ya mtu ambaye kipigo amekisikia ukutani tu. Akirudi kwa sababu yako, na Nolberto akaanguka siku moja tu, atakayevunjwa taya si wewe. Unaelewa? Mpaka hapo ilikuwa kichekesho cha mtaa. Hapo kimeisha.

Sasa tuje kwa bwana wako. Pole sana, nampenda huyo mtu na sijawahi kumwona. Lakini amekosea, na amekosea kosa ambalo sisi watu wa duara ndio tuliomfundisha. Tumekaa kwenye kona zetu tukiwapigia utukufu walevi na wacheza kamari, mtu aliyelindwa na Mungu tangu utotoni tukamwona hana kitu cha kusema, tukawaachia vijana wamzomee. Huyo Mchungaji wako mwambie nimesema hivi: ukimsukuma mtu atoke mashuani, angalia kwanza kama umemfundisha kumtazama Yesu au umemfundisha kuwatazama watazamaji. Petro alitoka mashuani akiwa Petro. Hakusema kwamba zamani alikuwa samaki.

Na unaniambia anakua. Kweli anakua, sikatai, kuomba alfajiri ni kuomba na kufunga ni kufunga. Lakini unaogopa ukisema kweli utamrudisha chini. Mama, imani inayohitaji wewe uwe umepigwa ili isimame, hiyo si imani, hiyo ni wewe unambeba mumeo mgongoni. Mweke chini uone kama miguu yake ipo. Mimi nadhani ipo. Mtu wa namna yake aliyeweza kufungua kinywa mbele ya lile duka la divai, hata kama alichosema kilikuwa uongo mtupu, ule woga aliuvuka kweli. Hiyo sehemu ni yake. Hakuiazima kwa mtu.

Na wewe usinikalie hapo kama mhanga. Sopaipilla ulizila. Nyama ya nyongeza uliipika. Ulisema mara mbili kwamba hukupigwa, ukaona hawakuamini, ukashukuru kimoyomoyo kwamba umejaribu. Njia ya mwongo ni fupi, dada, na ninyi mmeitembea wawili mkiwa chini ya mwavuli mmoja.

Basi sikiliza, na usiache hata moja.

Leo hii, ukishasoma haya, maana redioni siwezi kuyasema na majina yenu, zima pasi. Abdón akirudi kazini mpe chakula kwanza, maana mwanamume mwenye njaa hana toba. Akishiba mwambie: "Tunakwenda kwa Nolberto." Atasema kesho. Mwambie hapana. Mwende kabla hakujawa na giza, mkae kwake, na Abdón aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, bila wewe kumsaidia neno: "Sikuwahi kunywa. Sikuwahi kumpiga. Nilikudanganya, na chai niliyokuambia niliitoa kichwani." Wewe unyamaze. Uongo aliomwambia Nolberto ulikuwa wake, na aibu mwachie.

Nolberto atakasirika. Huenda akampiga kofi, na akimpiga, basi Abdón atakuwa na kipigo kimoja cha kusimulia chenye ukweli. Baada ya hapo msiondoke. Kaeni. Kila jioni mwende, mpelekeeni chakula, mkae naye mpaka apate usingizi, na mumtafutie mtu aliyepita kweli njia hiyo. Kanisani mmejaa walevi waliookoka, mnashindwa kumpatia mmoja? Unaogopa atarudi kwenye chupa. Labda. Lakini aliyempigisha magoti kwenye maji si Abdón. Abdón alikuwa amesimama tu pale anaropoka. Mungu ana tabia ya kutumia kilichopo, hata kikiwa kimeoza, na hiyo haikifanyi kilichooza kiwe chakula.

Na habari za Rosalba, Nolberto umwambie hivi, uso kwa uso: "Mkeo hatarudi kwa maneno yangu. Kaa na kiu yako mwaka, miaka, uone wewe ni nani bila chupa. Akitaka kujua, atauliza mwenyewe. Asipouliza, uendelee kutokunywa hivyo hivyo." Kisha hiyo namba mrudishie mkononi.

Mama yako na kaka yako waachie Abdón. Aende mwenyewe kwa mkwewe. Akirudi mzima, tutamshukuru Mungu.

Inabaki sikukuu. Gauni la Dada Melania livae, ni zawadi, halina kosa. Mchungaji mwambieni mapema, asije akaanguka kwenye madhabahu. Lakini kabla ya sikukuu kuna Jumapili, na Jumapili kuna kona, na kwenye kona kuna wale vijana. Wasikie wao kwanza, maana wao ndio waliodanganywa kwanza. Shika mwavuli wako, simama mahali pako, na safari hii usipaze sauti mpaka usikie kama kuna cha kupazia.

Na mwambie mume wangu huyo, samahani, mume wako, asiogope kwamba atakosa la kusema. Miaka yote aliingia katikati ya duara akatafuta dhambi ya kusimulia akakosa, akatoka na aibu. Sasa anayo moja, kubwa, ya kwake mwenyewe, na mashahidi ni mtaa mzima. Aingie aseme: "Ndugu zangu, kwenye kona hii hii mimi nilisema uongo kwa jina la Mungu, na Mungu hajanifukuza." Kisha anyamaze, atoke.

Vijana wakisema "Mwingine," waambie huyu bado hajamaliza.

Eduvina